Mikono ya Wifi

Mama alipopata nafuu ya mgongo, nyumba nzima ilifurahi isipokuwa binti yake aliyekuwa akisomea kuutibu.

Binti huyo alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha osteopathia, utabibu wa kulegeza viungo na misuli kwa mikono mitupu, bila kisu wala sindano. Nyumbani walimwita Dokta Nusu, maana cheti kilikuwa bado. Kaka yake ndiye aliyelibuni jina hilo kwa mzaha, nalo likamganda kama kupe. Wiki sita mfululizo, kila jioni, alimlaza mama yake juu ya meza ya chakula iliyotandikwa blanketi, akapima, akabonyeza, akaandika kwenye daftari la mafunzo. Mama akawa anasema, "Afadhali kidogo, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayesifia chai iliyopoa.

Kumbe mchana, binti akiwa chuoni, mama alikuwa akijilaza mkekani chumbani kwa mkaza mwanawe, fundi cherehani ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la utabibu. Dokta Nusu aliyajua hayo siku aliyorudi mapema. Aliwakuta mama kalala kifudifudi, anakoroma kwa raha, na wifi kapiga magoti pembeni, vidole vinatembea mgongoni polepole kama vinatafuta mshono uliofumuka.

"Tangu lini haya?"

Mama alizinduka, lakini hata macho hakufumbua. "Usinune, mwanangu. Wewe unajua zaidi. Ila mwenzio hana haraka."

Maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Miaka minne ya kukariri mifupa, leo anapitwa na mshona sketi!

Jioni wifi akamfuata jikoni, bahasha mkononi, macho chini. "Wifi, nisipokwambia wewe nimwambie nani? Nimejaza fomu ya chuo chenu. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Nipelekee, tafadhali."

"Lete, wifi yangu," Dokta Nusu akasema, akacheka kicheko cha meno tu.

Bahasha aliitumbukiza chini kabisa ya mkoba. Jumatatu alijiambia kesho. Jumanne akapita mbele ya dirisha la karani, akajitia hamnazo. Jumatano wifi alipouliza, alijibu bila kupepesa, "Imefika." Akamwona wifi akikimbilia chumbani kumpa mumewe habari, akasikia vicheko vyao ukutani. Wivu ulikuwa unamla kama mchwa anavyokula mlango: nje rangi inang'aa, ndani vumbi tupu.

Alhamisi ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo. Alipewa mpakia mizigo mwenye shingo iliyokakamaa, akamshughulikia hatua kwa hatua, akitaja kila msuli kwa jina lake. Mwalimu alisimama pembeni akitazama mpaka mwisho.

"Majina unayajua kunishinda mimi," mwalimu akasema. "Lakini huyu bwana alibana pumzi tangu ulipomgusa, nawe hukuona. Utarudia wiki ijayo."

Alirudi nyumbani kanywea, akaenda moja kwa moja chumbani kwa wifi. "Nimeanguka," akasema.

Wifi hakumpa pole ya mdomo. Alizima cherehani, akatandika mkeka, akamwambia, "Lala." Kisha akaweka viganja viwili mgongoni pake, akatulia hivyo bila kubonyeza. Muda ukapita. Dokta Nusu akahisi mabega yake yanashuka yenyewe, na machozi nayo yakaanza.

"Wifi," akasema, uso mkekani. "Bahasha yako ninayo mkobani. Sikuipeleka."

Mikono ikaondoka.

"Kwa nini?"

"Nilikuonea kijicho."

Wifi alisimama. "Inuka," akasema. "Kesho twende wote. Nataka nimwone karani akiipokea kwa macho yangu."

Ijumaa walikwenda pamoja, wifi mbele, Dokta Nusu nyuma kama mshitakiwa. Karani alipokea bahasha, akagonga mhuri. Wiki iliyofuata Dokta Nusu alirudia mtihani, akapita kwa alama za kuchechemea. Wifi naye akachaguliwa, lakini ilichukua miezi miwili mizima kabla hajamwita tena mwenzake wifi.

Mwaka mpya wa masomo ulipoanza, Dokta Nusu alikuwa amepata cheti na kazi katika zahanati ya chuo hicho hicho. Siku moja alichungulia darasani, akamwona mwalimu anawaita wanafunzi wote waje watazame jinsi wifi alivyoshika bega la mgonjwa. Alitaka kuondoka, miguu ikagoma. Akasimama pale mlangoni akitazama kidole gumba cha wifi kimetua wapi, kinasubiri nini, kinasogea lini. Wifi aliinua macho, akamwona.

"Wifi, usisimame huko kama mgeni," akaita. "Ingia uone vizuri."

Aliingia. Bado alikuwa na wivu, na wifi alijua.