Diski Kutoka Uvira

Lucien alikuwa fundi wa mashine za michezo katika mtaa wa Nguba, na kilichompa jina ni paketi zake. Alinunua mashine za Play kuukuu zilizonguruma kama kinu cha mihogo, akazitoa vumbi, akaweka feni mpya na diski kubwa inayobeba michezo thelathini. Kisha aliziuza pamoja na manete mbili za kushika na kubonyeza, na betri, ili umeme ukikatika mchezo uendelee. Mteja alibeba boksi moja tu, akafika nyumbani na kucheza siku hiyohiyo.

Diski zilitoka Uvira, kwa mfanyabiashara aliyeitwa Usman, na aliyezifuata kwa pikipiki ni Guy, mdogo wake Lucien. Alhamisi moja ya Desemba Guy alitazama mawingu, akamwambia kaka yake, "Yaya, tungojee lundi, ni siku ine tu. Barabara iko mubaya."

"Client iko anangojea paketi yake," Lucien alijibu. "Enda tu."

Guy alienda, akapata diski. Wakati wa kurudi, karibu na Luberizi, pikipiki iliteleza mbele ya lori la mpunga. Hakufa, ila alivunjika shingo. Miguu ilinyamaza kabisa. Mikono ilibaki na nguvu kidogo, lakini vidole havikushika tena hata kijiko. Noëlla, mkewe, ndiye aliyemlisha.

Kwa miezi tisa Lucien alifanya kazi moja tu kwa moyo: Play ya Guy. Kwa kuwa Guy hakuweza kubadilisha CD, Lucien alihamishia michezo yote kwenye diski kubwa kuliko zote alizowahi kufunga. Alifungua manete, akavuta nyaya, akaziunganisha na ubao wenye vifuniko vya mikebe ya maziwa, vipana, vya kubonyezwa kwa ngumi au kiwiko. Kila alasiri alipita kuujaribu, bisibisi mkononi. Hiki kigumu, anakilegeza. Kile kiko mbali, anakisogeza. Guy alijibu ndiyo au hapana, basi.

Siku ubao ulipokamilika, Lucien aliuweka mapajani mwa mdogo wake aliyeegemezwa kitandani, akawasha mchezo wa mpira. Guy aligonga kifuniko kimoja, kisha kingine. Mchezaji alikimbia, akapiga, goli! Noëlla alipiga vigelegele pale mlangoni. Guy akaondoa ngumi yake.

"Iko muzuri," alisema. "Sasa kesho utaleta nini?"

"Kama unataka, naweza ongeza..."

"Yaya, kila siku unakuja na tournevis. Hauniulizake hata mara moja ile siku ilikuwa namna gani. Nililala mu matope, mvua inanipiga ku macho, na mukono haifike ku uso. Batu banasema musimuguse. Nilikuwa naita jina yako."

Noëlla alitoka kimyakimya. Lucien alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Maneno yakamtoka yote kwa pamoja.

"Guy, client hakukuwa. Hakuna mutu alikuwa anangojea. Nilitaka tu paketi zitoke mbele ya Noeli, mbele ule fundi mwingine wa mutaa ya Kasha atoe zake. Nilikudanganya."

Guy alitazama bati la juu.

"Nilijua. Mu hospitali nilimuuliza Noëlla nani alinunua zile diski. Akasema ziko ku duka, mu sachet yake ya plastiki, hakuna mutu alizigusa."

"Na haukusema kitu?"

"Nilikungojea wewe useme."

Machozi yalimshuka Guy hadi masikioni. Lucien alinyoosha mkono amfute, Guy akageuza uso ukutani.

"Wacha. Noëlla atanifuta. Sijakusamehe, yaya. Sijue kama nitaweza. Lakini kesho ukuje. Usilete kitu."

Kesho yake Lucien hakufungua duka. Alikuja, akakaa kwenye stuli karibu na kichwa cha mdogo wake, akauliza. Guy alianzia asubuhi ile, alivyokunywa chai kwa Usman, na jinsi mvua ilivyomkuta njiani. Hakumaliza siku hiyo, wala ya pili. Kuna siku alinyamaza katikati ya neno, akamwambia Lucien aende zake. Lucien aliondoka, na alasiri iliyofuata akarudi kusikiliza.