Betri Ndefu, Tochi Fupi

Kipngeno alikuwa na cheo kimoja tu duniani, na alikipenda sana: mshika tochi wa kituo cha majani chai. Kazi yenyewe haina mshahara. Lori la kiwandani likichelewa, na siku nyingi huchelewa, giza huwakuta wakulima wa upande ule wa Merigi wakiwa bado kwenye foleni. Hapo mmoja wao, yule wanayemwamini, husimama ng'ambo ya meza na kumulika majani huku karani akiyakagua. Haruhusiwi kummulikia rafiki yake vizuri kuliko mtu waliyekosana naye. Kipngeno aliifanya kazi hiyo kwa uso wa mtu anayekula kiapo.

Sasa betri ya tochi ilikuwa imekufa, na juma lililopita walitumia taa ya simu. Katika mwanga huo hafifu, karani Atuti alichambua gunia la Janeffer, mke wa Kipngeno, akatikisa kichwa. Majani magumu, akasema, na gunia zima likarudi. Janeffer, ambaye hajawahi kurudishiwa hata konzi moja tangu aanze kuchuma, alilibeba hadi nyumbani, na asubuhi akalimwaga kando ya zizi. Jumapili kanisani wanawake wakamuuliza, kwa huruma ile ya kuudhi, kama macho yake bado yako sawa. Hilo ndilo lililomchoma.

"Ilikuwa giza tu," alimwambia mumewe. "Mimi nachuma majani mawili na kichipukizi. Nataka yaonekane na taa ya maana, watu wote wakiwa hapo."

Kipngeno alikubaliana naye kabisa. Yeye mwenyewe alimsaidia kujaza gunia lile, na hakuona kasoro yoyote ndani yake.

Basi akashuka Bomet mjini akanunua betri mpya ya kuchaji, ya bei, akarudi akitembea kifua mbele. Betri ikaingia kwenye tochi vizuri, ila kifuniko cha nyuma kikagoma kufunga hadi mwisho. Ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani kwa unene wa punje ya mahindi.

Chepyegon, jirani aliyekuja kuazima jembe akabaki kutoa ushauri, aliigeuza betri mkononi. "Hapa chini iko na kasahani kadogo ka chuma. Chubua ganda, toa hako kasahani, itaingia."

Kipngeno alikuwa tayari ameshika kisu. Janeffer akamnyang'anya.

"Hako kasahani ndiko kanazuia betri ishike moto ikichajiwa sana. Mnataka kuchoma nyumba kwa sababu ya punje moja? Betri haina makosa. Tochi ndiyo fupi."

"Basi tukate springi," Kipngeno akasema.

"Ukikata springi betri itachezacheza huko ndani. Ukitikisa tochi kidogo, taa inazima. Mimi sikati kitu, Baba Chebet. Naongeza."

Akawaeleza kwa kifupi, kama mtu anayeongea na wageni. Umeme wa tochi hurudi kupitia mwili wake wa chuma. Mdomo wa tochi usipogusana na kifuniko, hakuna taa. Kwa hiyo panatakiwa pete ya chuma ya kuziba lile pengo. Unene wake? Janeffer akaingia jikoni, akatoka na kidonge cha unga wa chapati. Akakisokota kuwa uzi, akauzungusha kwenye mdomo wa tochi, akafunga kifuniko mpaka springi ikabanwa alivyotaka, kisha akafungua. Unga ulikuwa umelala bapa, umeshika kipimo cha pengo lote. Kipngeno alikuwa amekula chapati za mwanamke huyo miaka mingi, na hakujua kwamba unga wake unaweza kupima chuma.

Kutoka kwenye bomba bovu la kupulizia dawa Janeffer akakata kipande cha shaba kwa msumeno, akaketi kizingitini na tupa. Alisugua, akajaribu, akasugua tena, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Alipoona jua linashuka alimtuma Kipngeno akamalizie kuchuma mistari iliyobaki, na Kipngeno akaenda mbio, akachuma kwa mikono miwili, maana hakutaka kukosa kuiona taa ikiwaka.

Aliiwahi. Janeffer alikuwa ameifunika shaba kwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli ili mvua isipenye. Akabonyeza. Mwanga ukavuka bonde na kutua kwenye tangi la Chepyegon, ukionyesha hadi kutu yake. Kipngeno alimwonea mkewe fahari, akaanza kuufuta mwili wa tochi kwa shati lake.

Kituoni watu waliipokea kwa miluzi. Kipngeno aliomba gunia la kwanza liwe la mkewe, na kila mtu alijua ni kwa nini. Karani Atuti akamwaga majani mezani. Ya juu yalikuwa laini, mawili na kichipukizi, safi kabisa. Kisha mkono wake ukafika chini, na chini kulikuwa na majani mapana, magumu, yamenyofolewa pamoja na vijiti vyake. Kwenye taa ile hata mtu wa mwisho kwenye foleni aliyaona.

Hakuna aliyecheka. Janeffer aliyatazama majani, hakumtazama mumewe. Angeweza kusema neno moja tu na jina lake likasafishwa. Badala yake akaanza kuyatoa moja moja, akiyatupa chini.

"Mama, nirudishe tena?" Atuti akauliza.

Mwanga ukatikisika juu ya meza. Haukuzima.

"Karani, ngoja," Kipngeno akasema, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni. "Hayo mazuri ni ya mke wangu. Hii tochi pia ni yeye ameitengeneza. Hayo magumu nimechuma mimi. Na ya wiki iliyopita yalikuwa yangu."

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka. Janeffer hakuinua kichwa, ila mabega yake yalikuwa yakitetemeka.

"Leta taa huku, Baba Chebet," akasema. "Majani yako bado ni mengi."