Bolti Bila Nyongeza

Nestory alikuwa na mkono mzito, na mwenyewe alijisifia. Akishakaza bolti, lazima aivute tena kidogo. "Nyongeza hiyo," angesema, kama mama muuza dagaa anavyokutupia kiganja kimoja juu ya fungu ulilolipia. Bolti isiyopata nyongeza, kwake yeye ilikuwa imedhulumiwa. Basi bwana, nyongeza hiyo nusura imtoe nyumbani kwake!

Kiwanda cha kuchambua pamba alichokiendeshea lori tangu ujana kilipopunguza watu, kilimpa pikapu kuukuu iwe kiinua mgongo. Wenzake wakacheka, yeye akashukuru. Akawa anabeba viazi kutoka Misungwi, na maisha yakaenda. Mara pikapu ikaanza kuunguza gasketi ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini. Anabadilisha, anakaza, anaweka nyongeza yake. Wiki haiishi, maji yanachemka na viazi vya watu vinaozea njiani. Wateja wakahamia kwa wenye magari ya mitumba yaliyokuwa yakimiminika mjini miaka ile.

"Gasketi moja tu, ya mwisho," akamwambia mkewe Getruda. "Ikiungua, nauza chuma hiki nakwenda Geita kuchimba dhahabu."

Getruda aliyajua mashimo hayo. Jirani yao Maige alikwenda mashimoni akiwa na nguvu zake, akarudishwa amebebwa. Sembuse huyu, na kifua chake kile kibovu!

Walikwenda kununua gasketi kwa Rahim, muuza spea wa Nyegezi na rafiki yao wa siku nyingi. Rahim akaifunga vizuri kwenye karatasi, kisha akainama chini ya kaunta, akaibuka na kitabu kinene kilichojaa alama za vidole vya grisi. Kilikuwa kitabu cha mafundi cha pikapu kama ile, alichokipata gereji moja ilipofungwa. Juu yake akaweka spana ndefu yenye mshale wa kuonyesha umekaza kiasi gani.

"Spana utanirudishia, mzee wangu. Kitabu ni nyongeza yako."

"Mimi nikasome gari kitabuni? Uzee huu?"

"Atakusomea shemeji," Rahim akacheka.

Na kweli, shemeji ndiye aliyesoma. Getruda aliketi juu ya kreti la soda uani, miwani puani, akakisoma kwa Kiingereza chake cha shule ya masista na kumgeuzia mumewe kwa Kiswahili.

"Anza na bolti za katikati, ndipo uende za pembeni. Usizimalize mara moja, zizungukie kidogokidogo."

Nestory akaguna. Maisha yake yote alikuwa akianzia pembeni. Akafuata hivyohivyo, shingo upande.

"Mshale ukifika hapa, acha."

Mshale ukafika. Nestory akajipanga kuvuta tena. Getruda akainuka, akamshika mkono.

"Baba Queen, acha."

"Kidogo tu, mama."

"Kitabu kinasema ukizidisha, bolti inavutika na hedi inapinda. Ndiyo maana gasketi zinaungua."

"Kwani kitabu hicho kinaijua barabara ya Kigongo?"

"Ninaijua mimi. Ndiyo ya kwenda Geita, unayotaka kupita uniache."

Nestory akamtazama. Kumbe mwenzake alikuwa anaogopa kiasi hicho, na yeye yuko bize na spana! Akaachia. Kila bolti aliyoiacha bila nyongeza ilimuuma, kama amemuaga mgeni bila kumpa hata maji.

Asubuhi walipakia viazi kwenda Kigongo, kwenye kivuko. Nyuma ya kiti Nestory alitupia begi la nguo, maana aliapa: gari likizima, anadandia lori lolote linalovuka kwenda Geita, hageuki nyuma. Getruda alipakata kitabu. Penye vilima wote wawili waliitupia macho dashibodi. Geji ya joto ikapanda hadi katikati, ikatulia hapohapo mpaka wakaliona ziwa.

Kigongo, Nestory akafungua boneti. Moshi hakuna. Tone la maji hakuna. Vijana wenye sururu walikuwa wakipanda kivuko, na muda si muda kikaondoka nao.

"Asante, mama Queen," akasema. "Ulinishika mkono. Ningejiharibia mwenyewe. Asante sana."

Getruda akacheka huku akifuta machozi kwa khanga.

Viazi viliposhushwa, wakanunua sato wawili. Muuzaji akatupia na mdogo juu.

"Nyongeza hiyo tunaipokea?" Nestory akauliza.

"Pokea! Kitabu hakijakataza samaki."

"Haya. Ila yule mkubwa kuliko wote ni wa Rahim."

Mfuko hawakuwa nao. Nestory akalivuta begi, akatoa shati lake jipya la safari, akawafungia samaki ndani yake.

"Wee! Shati zuri hilo!" Getruda akapiga kelele.

"Zuri la kwendea wapi?" akasema Nestory, akawasha gari kurudi nyumbani.