Mganda wa Pelatia

Azuba alikuwa mjane aliyekwisha kuhesabu masika sabini, na siku hiyo aliketi juu ya mganda wa shayiri kama kuku anayeatamia. Pelatia, mwenye shamba, akaja mbio akitweta.

"We bibi, inuka juu ya mganda wangu."

"Nimekwisha kaa, baba. Magoti yakikubali, nitakuita."

Pelatia hakucheka. Alimkokota, yeye na mganda wake, hadi lango la mji wanakohukumu wazee, akadai amemwibia. Azuba alijua maana yake. Mjane akishaitwa mwizi, hakuna atakayemruhusu kuokota masazo shambani, na bila masazo wajukuu wake wawili hawafiki mavuno yajayo.

Mkubwa wa wazee alikuwa Zakuri, ambaye tumbo lake lilikuwa bado linasaga kondoo wa Pelatia. Pale langoni alisimama pia nabii mmoja kutoka malishoni, ananuka mbuzi, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiwaambia watu kwamba Bwana ni ngome ya mnyonge. Walimcheka. Azuba akasogea akasimama nyuma yake, maana ngome nyingine hakuwa nayo.

Zakuri akamwuliza Pelatia, kwa upole wa mtu aliyeshiba, kama ana hakika mganda ni wake. Pelatia akaapa kwa jina la Bwana kwamba aliufunga kwa mikono yake, kando ya mtini. Maneno hayo yalikuwa yanatosha. Lakini mwenye mali hajui kunyamaza.

"Tena nilikwisha kufika nyumbani, nanawa miguu, ndipo nikaukumbuka. Nikarudi mbio."

Zakuri akakohoa. Pelatia akadhani mzee ana kiu, akaagiza maji.

"Uliukumbuka?" nabii akauliza taratibu. "Basi ulikuwa umeusahau."

 Hata watoto walijua: mganda uliosahauliwa shambani haurudiwi. Huo Bwana ameshawapa mjane, yatima na mgeni. Anayerudi kuuchukua ndiye mwizi, na huyu alikuwa amejishtaki kwa kiapo.

Wazee wote wakamtazama Zakuri. Zakuri akatazama viatu vyake, kisha akatamka, kama mtu anayetema mfupa, kwamba mganda ni wa Azuba, na asifukuzwe tena shambani kwa Pelatia maisha yake yote.

Azuba akainamisha kichwa mbele ya Pelatia, akangoja.

"Nitwike, baba," akasema.

Na Pelatia, mbele ya mji mzima, akamtwika. Wanawake wakamsindikiza kwa vigelegele njia nzima.