Darasa la Mbizi Nchi Kavu

Kila asubuhi mwalimu wa kuogelea alishuka bwawani kwa ngazi, ufagio mkono mmoja na kizoleo mkono wa pili, akafagia. Alianzia upande wa kina kifupi, akateremka na vigae vya buluu hadi upande wa kina kirefu, ambako upepo ulipenda kurundika mchanga. Huko chini, mahali ambapo zamani maji yangempita kichwa, alisimama kidogo kunyoosha mgongo.

Bwawa la manispaa lilikuwa halijaonja maji tangu ukame uingie. Visima vya mji vilikuwa vimeshuka, mabomba yalitoa maji kwa zamu, na hakuna mtu mwenye akili zake ambaye angethubutu kuomba maji ya kuchezea. Mwalimu hakuomba. Alifagia tu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, na kwa kuwa aliamini kwamba kitu kinachotunzwa hakijafa.

Mtaani walimwita Mbizi Kavu. Jina lilitoka kwenye ile methali kwamba mpiga mbizi nchi kavu huchunuka usoni, nalo lilimkaa vizuri hata akawa analiitikia. Akipita sokoni, muuza mkaa angemwuliza kama leo mawimbi ni makubwa, naye angejibu kwamba si sana, ila papa wameanza kulalamikia mishahara.

Utani ule aliumudu. Alichoshindwa kukimudu ni maneno ya meneja wake, mwanamume mpole mwenye mazoea ya kuomba radhi kabla hajasema jambo lolote. Meneja alimwita ofisini, akaomba radhi, kisha akamweleza kwamba kumbi za manispaa zina viti vibovu visivyo na pa kuwekwa. Baraza limeonelea bwawa liezekwe mabati liwe ghala la viti. Mwalimu atahamishiwa dirisha la vibali vya maegesho, mshahara ule ule, kivuli cha kutosha. Alilisema kama mtu anayeleta habari njema, lakini macho yake yalikuwa dirishani. Kazi ingeanza mwezi mpya ukiingia.

Mwalimu alirudi bwawani akaketi kwenye kina kirefu. Alijua kufundisha kuogelea, na hakujua kitu kingine alichokipenda hivyo. Alijaribu kujiona nyuma ya dirisha akigonga mihuri, akashindwa.

Kisha ikanyesha.

Mvua ya mwaka mzima ilishuka asubuhi moja. Ardhi ilikuwa imekauka kama sufuria iliyosahauliwa motoni, haikuweza kuyanywa maji. Ikayaacha yateleze juu yake hadi kwenye korongo lililokata mji katikati. Korongo hilo lilikuwa la mchanga mtupu kwa muda mrefu kiasi kwamba watu walishaligeuza mtaa. Mafundi waliweka meza zao humo, wauzaji wakatandika turubai, na hakuna aliyefikiri kwamba amejenga njiani mwa mtu. Binadamu ndio walioisahau njia ile. Maji yalikuwa hayajaisahau.

Fundi cherehani alikuwa ameketi anapinda suruali aliposikia mngurumo kama wa lori linaloteremka mlima. Kabla hajainua kichwa, alikuwa amepanda meza yake ya kukatia vitambaa, na meza ilikuwa inakwenda. Alipita kwa kinyozi, akapita kwa muuza mkaa, wote wamekwea kuta wakimtazama kama mtu anayesafiri bila kuaga, mpaka meza iliponasa darajani akaparamia nguzo. Siku hiyo hakufa mtu, kwa sababu tu ilikuwa mapema na soko lilikuwa halijajaa. Kufikia jioni jua lilishakausha mchanga, ungedhani mji umeota ndoto.

Fundi hakudhani hivyo. Kesho yake alikuja bwawani na matope bado masikioni.

"Mwalimu," alisema, "maisha yangu yote hapa nimeogopa kiu. Kumbe cha kuniua kilikuwa maji. Nifundishe."

Mwalimu alimwonyesha vigae vikavu na mikono mitupu. Fundi akatikisa kichwa.

"Jana maji yalinikuta sina ujuzi. Sasa acha ujuzi utangulie, maji yatatukuta."

Mwalimu akaenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akakokota benchi refu, wakaliteremsha bwawani pamoja. Fundi akalala kifudifudi, miguu na mikono ikining'inia hewani, na somo likaanza. Piga miguu kutoka nyongani, si gotini. Mkono uingie kama unapenyeza sindano, usipige kama unaua mbu. Kwa lugha ya sindano, Fundi alielewa upesi.

Watu walikuja kuchungulia uani na kucheka hadi wakashikilia mbavu. Lakini mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Walioona meza ikisafiri hawakucheka muda mrefu. Alianza kinyozi, akaja muuza mkaa, wakaja wauzaji wote wa kando ya daraja. Mwishoni alikuja Bi Mkwe.

Bi Mkwe alikuwa mama wa mke wa Fundi, na waliishi nyumba moja. Fundi alikuwa anamheshimu mno. Hakukaa naye benchi moja, wala hakula akimtazama, na mama huyo akipita, Fundi alisimama. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo analala kifudifudi akirusha mateke mbele ya mkwewe. Siku ya kwanza, kila Bi Mkwe alipopita, Fundi aliruka kutoka benchini akasimama wima kama bendera, mpaka darasa zima likapoteza mapigo. Mwalimu alikata shauri akatundika shuka katikati ya bwawa, Fundi upande huu, Bi Mkwe upande ule.

Shuka lilizuia macho tu. Nyumbani, kwa heshima, wawili hao walisalimiana na kuishia hapo. Bwawani, wasipoonana, walizungumza mpaka kila mtu akashangaa. Bi Mkwe aligundua kwamba mkwewe ni mcheshi. Fundi aligundua kwamba mama mkwe aliwahi kutoroka shule akacheze mpira. Na si wao peke yao. Muuza mkaa alikuwa na hadithi ambayo haikuisha, kinyozi alikuwa na jibu la kila hadithi, na miguu ilipigwa, na mikono ikapenya hewa, na midomo haikufunga. Mwishoni mwa kila somo walilala chali kupumzika, na hapo ndipo soga ilipokolea.

Mwalimu angeweza kuwanyamazisha. Hakutaka. Bwawa lilikuwa kimya muda mrefu, na sauti zile zilimpa furaha ambayo hakuwa na moyo wa kuikatiza. Hapo ndipo kosa lilipoingia, na hakuna aliyeliona likiingia.

Mwezi ulipokaribia kwisha, meneja alikuja na futi ya kupimia paa. Alisimama ukingoni akaona watu wazima wamepangwa kwenye mabenchi wanaogelea kwa nguvu zote huku wakijadili harusi ya mtu. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Kisha akashuka, akaomba radhi.

"Lakini hawa hawajui kuogelea, Mwalimu. Wanajua benchi."

Neno lile lilimchoma, kwa sababu hata yeye lilishamjia akalifukuza. Alimwambia meneja kwamba nje ya mji, kwenye machimbo ya kokoto, kuna dimbwi lililoachwa na mafuriko. Ni pana, lina kina, na jua linalipunguza kila siku. Darasa lake likivuka kutoka ukingo huu hadi ule, je, atakubali kulitetea bwawa barazani? Meneja alifikiri, akakubali. Lisipovuka, mabati yapande.

Walikwenda Jumamosi. Mwalimu alifunga kamba kwenye jiwe, akaweka tayari mipira ya ndani ya matairi ya lori, akakagua kina kwa mti mrefu. Maji yalikuwa ya kahawia na vuguvugu kama chai ya jana. Darasa lilijipanga ukingoni, na kwa mara ya kwanza likawa kimya, kwa kuwa wengi wao hawakuwahi kuona maji yaliyopita goti yakiwa yametulia.

Bi Mkwe alifunga gauni lake kiunoni, chini amevaa suruali ya Fundi iliyopunguzwa, akasema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Akaingia wa kwanza. Wengine wakafuata.

Na waliogelea. Mikono ilipenya kama sindano, miguu ilipiga kutoka nyongani, mstari mzuri wa watu ukiikata kahawia ile kama mkasi kwenye kitambaa. Ukingoni, meneja aliinua nyusi.

Walipofika katikati woga uliwatoka, na woga ulipowatoka, mazoea yakarudi. Muuza mkaa aligeuza kichwa ammalizie kinyozi hadithi. Dimbwi likamjaa mdomoni. Kinyozi, aliyekuwa tayari na jibu, akameza lake. Nyuma yao mstari wote ukaanza kukohoa na kutapatapa. Fundi, mtu wa adabu, alifungua mdomo amwulize mama mkwe kama yuko salama. Alifika "Mama, uko" akazama.

Mwalimu aliliona kosa lote kwa mara moja. Benchi halikuwahi kumwadhibu mtu kwa kusema. Alikuwa amefundisha watu kuogelea wakizungumza.

"Chali!" alipiga kelele huku akijitupa majini na kamba.

Neno hilo walilijua kuliko yote. Waligeuka mmoja baada ya mwingine, matumbo juu, mikono imetandazwa, wakatulia kama wanavyotulia mwisho wa somo, na maji yakawabeba. Walikohoa, wakatema, kisha, kwa sababu sasa iliwezekana, wakaanza kuitana: uko wapi, niko hapa, shika mguu wangu, usinishike hapo. Aliyekosekana ni Fundi.

Bi Mkwe alikuwa karibu naye kuliko Mwalimu. Akiwa chali vile vile, alipeleka mkono chini, akapapasa, akapata ukosi wa shati, akavuta. Kichwa kilipoibuka alikilaza begani pake. Fundi alifumbua macho, akaona ni wapi amelala, akataka kushuka.

"Nisamehe, Mama, mimi sistahili..."

"Adabu yako iache ukingoni, baba. Lala hapo upumue. Na funga mdomo."

Alipiga miguu, kutoka nyongani, akamrudisha mkwewe ukingo ule ule walikotoka. Mwalimu aliogelea kando yao, kamba mkononi, akaona haina kazi. Wengine walirudi nyuma yao taratibu, wameshikana mikono, wakielea kama kuni.

Hakuna aliyevuka. Mwalimu alitoka majini akatiririka mbele ya meneja, akamwambia hivyo hivyo, bila kuficha. Amewafundisha vibaya, alisema. Ahadi ni ahadi, alete mabati.

Meneja hakuomba radhi. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, ameishika ile futi mpaka ikamwachia alama kiganjani.

"Mimi ningekufa pale," alisema. "Mimi sijui hata hiyo chali. Hawa wangekutwa korongoni leo, wangerudi nyumbani kula. Mimi wangenitafuta."

Aliinuka, akajipangusa vumbi.

"Jumatatu naenda barazani. Viti vikae nje. Vitalowa, vitakauka."

Baraza lilibishana asubuhi nzima, kama mabaraza yanavyofanya. Lakini meneja, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti, aliwasimulia habari ya mama mmoja na ukosi wa shati, na wajumbe wengi meza zao za biashara zilikuwa kule kule korongoni. Bwawa likaachiwa Mwalimu. Zaidi ya hapo, wakakubaliana kuchimba mtaro kutoka mapaa ya soko, ili mvua ijayo badala ya kukimbilia korongoni iingie bwawani: darasa liogelee kwanza, kisha maji yale yamwagilie miti. Mvua hiyo itakuja lini, hakuna aliyejua. Ila sasa ilikuwa na mahali pa kufikia.

Somo lililofuata, Mwalimu alisimama juu ya ngazi na jagi na kikombe. Kila aliyeshuka alipewa funda moja la maji. Kanuni ilikuwa nyepesi: lishike mdomoni, usimeze, usiteme, mpaka nitakaposema. Bi Mkwe alitaka kujua afanyeje akiwa na swali, akaambiwa aulize kwa macho. Meneja, aliyekuja na taulo jipya la nyumbani, alipokea funda lake kwa mikono miwili akalala kwenye benchi la mwisho.

Kwa mara ya kwanza darasa zima liliogelea kimya. Zilisikika pumzi za puani tu, na miguu ikipiga hewa, pu, pu, pu, kwa pamoja. Mashavu yalivimba kama ya wapiga tarumbeta. Shuka halikuwepo, Fundi na Bi Mkwe walilala mabenchi ya jirani wakitazamana kwa macho yaliyojaa habari. Muuza mkaa alianza kutikisika mabega. Kinyozi akamwona, akafumba macho ili asimwone, haikusaidia. Kicheko kilitembea chini chini kutoka benchi hadi benchi, kimefungiwa puani, na Mwalimu akajua kwamba hakuna sekunde ya kupoteza.

"Mezeni," alisema.

Wakameza. Hakuna tone lililoangukia vigae. Kisha wote wakaanza kusema kwa wakati mmoja.