Bibi Rotilinda Aja Kuliona Shamba

Hivi wewe, ukitoka kubandua mdalasini ukamkuta jikoni kwako mwanamke wa Kizungu aliyekufa miaka elfu moja na mia tatu iliyopita, amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi, utaanza na "karibu" au utaanza na "shikamoo"?

Yuliana alianza na shikamoo. Uso wa mgeni ulikuwa wa mama wa miaka hamsini hivi, lakini miaka ya kaburini nayo ni umri. Mgeni akaitikia marahaba vizuri kabisa. Kiswahili alifundishwa na masista waliozikwa misheni, kwa hiyo alikiongea kama katekisimu ya zamani. Alivaa gauni zito la sufu lenye bizimu ya dhahabu begani, na kiunoni alining'iniza funguo kumi na moja. Alinuka kondoo aliyenyeshewa.

"Naitwa Rotilinda, binti wa watu wakubwa wa nchi ya Wafaranki, huko Ulaya," alisema. "Nimesikia huku kwenu ardhi hufuata tumbo la mama. Nimekuja kwa miguu kuiona."

"Pole na safari," Yuliana alisema, akamwongezea ndizi nne za kumenya.

Ni kweli, kwa Waluguru shamba ni la ukoo, na ukoo hupita kwa mama. Lile la Yuliana, pale juu ya Matombo, lenye migomba, mdalasini na pilipili manga, lilitoka kwa mama yake, na baada yake lilikuwa la kwenda kwa bintiye Editha, aliyelilima tangu yuko darasa la tano. Ila kikaoni msemaji wa ukoo ni mjomba. Ndiyo maana Rahel, afisa ardhi, alipopita na tableti yake kuandikisha mashamba, akauliza hili ni la nani, Yuliana alijibu kama mama yake angejibu: "Muulize mjomba wa watoto." Rahel akaenda kwa Andrea, mdogo wake Yuliana. Andrea akasema liandikwe jina la Wilfred, mwanawe wa kumzaa. Na Wilfred ni wa ukoo wa mama yake, sio wa akina Yuliana. Ilibaki Jumamosi, Yuliana akaweke dole gumba kwamba amekubali.

Siku zile Rotilinda alilala chumba cha Editha. Chakula kikiwekwa karibu naye kilipoa, kwa hiyo asubuhi Editha alimsogezea sufuria la uji, ukipoa mno analihamisha.

Mgeni alisimulia huku anachambua maharage. Baba yake alimwoza ana miaka kumi na mitatu, kwa mtu mwenye farasi wengi. Alizaa wavulana wawili na msichana mmoja, Ansa. Ansa akaozwa ng'ambo ya mto ana miaka saba, asimwone tena. Wavulana waligombania mali, mmoja akamzika mwenzake. Mume alipokufa, kaka yake Rotilinda akasoma sheria mbele ya watu: ardhi ya mababu haiendi kwa mwanamke. Yeye akafanywa mama mkuu wa watawa.

"Na hizo funguo?" Editha akauliza.

"Nilipewa funguo. Milango ilikuwa ya kaka. Sasa kule naitwa mtakatifu. Wanaoumwa meno huja kaburini kwangu."

"Wanapona?"

"Wengine."

Ijumaa Andrea akapita. "Shikamoo dada. Shikamoo bibi mgeni. Dada, kesho saa nne. Ulioshe hilo dole, lisije na utomvu wa ndizi, mashine italikataa."

"Mjomba," Editha akasema, "Wilfred pilipili manga anaijua kwenye pilau tu."

Andrea akacheka. "Na wewe ukiolewa huko mjini Mafiga, shamba utalibeba kichwani?"

Yuliana alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta mpaka zikabaki punje safi, kisha akapepeta tena.

Jumamosi walikwenda wote ofisi ya kijiji. Rotilinda akasimama, akasema yeye ni shahidi, jambo hili analijua tangu mwanzo wake hadi mwisho wake.

"Shikamoo bibi," Rahel akasema. "Una kitambulisho, namba ya NIDA?"

"Sina. Nimekufa."

Rahel akatafuta kwenye tableti. "Marehemu wana sehemu yao, bibi, lakini ni wale waliokuwa na ardhi."

Rotilinda akasema basi huko nako hayumo, akakaa. Andrea akamsogezea benchi vizuri.

"Mama, una pingamizi?" Rahel akamgeukia Yuliana.

Yuliana akamtazama Andrea, mdogo wake aliyebebwa mgongoni mwake mpaka akaota meno. Akafuta dole gumba kwenye kanga.

"Sina," akasema. Dole lilikubalika mara ya kwanza.

Rotilinda hakuondoka. Alisema kurudi ni mbali, na kule hana anachodai. Padre akampa nafasi kanisani, benchi la mbele. Wenye meno mabovu walianza kuja Jumanne na Alhamisi, na wengine walipona. Wilfred alikuja kutoka mjini, akapigilia vigingi vya zege mipakani, akakata midalasini saba iliyoziba njia ya gari. Akamwomba Editha aendelee kulima kama kibarua wake, kwa kuwa shamba analijua. Editha akaendelea.

Mchana mmoja Editha alirudi na matope mpaka magotini, akanawa, akakaa mkekani. Rotilinda alikuwa amesogezewa ugali upoe. Yuliana akakata tonge, halikufika mdomoni, akalirudisha kwenye sahani. Akasema kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi:

"Nilitaka shamba liwe lako, Editha. Lote, na ile miche ya pilipili niliyokuwa nakuoteshea nyuma ya choo. Nilitaka kulisema hilo pale ofisini, mbele ya mjomba wako."