Kamba ya Mafundo Manane

Mtu akiniona leo nilivyojaa kwenye kiti hiki hataamini kwamba niliwahi kukaa na njaa wiki saba na ushei kwa ajili ya gauni. Tena gauni lenyewe wala si langu! Lilikuwa la misheni. Enzi hizo za Mwingereza, hapa Tabora, parokia yetu ilikuwa na gauni moja tu la arusi, jeupe, limetoka Ulaya, lina vifungo ishirini na viwili mgongoni. Lililazwa kwenye sanduku la bati kwa Masista. Kila bibi arusi alivaa hilo hilo, akavua, likafuliwa, likamngoja mwingine. Kulikata au kulipanua ilikuwa mwiko.

Na kulikuwa na sheria nyingine, haikuandikwa popote, ila kila mwanamke aliijua. Vifungo vikikataa kufunga, una mimba. Basi, hakuna cha kujitetea. Unafungishwa ndoa Jumatatu alfajiri, unaingilia mlango wa pembeni, kengele hazilii, na watu wanaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Msichana mmoja wa jirani yalimpata hayo, na mama yake hakukanyaga kanisani mwaka mzima kwa aibu.

Mimi Pelagia binti Masolwa, wa Mtendeni, nilipangiwa kuolewa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, mwaka 1949. Mchumba wangu alikuwa Alois, karani wa tiketi stesheni ya Igalula. Nilimpenda, nasema wazi, sioni haya. Alikuwa na mwandiko mzuri, na akicheka mabega yote yalicheka. Barua zake zilikuja kwa treni, nami nilikuwa nazisoma mpaka karatasi inachakaa kwenye mikunjo.

Kosa lilianzia nyumbani kwetu wenyewe. Ng'ombe wa mahari walipofika, Bibi, mama yake baba, aliyenilea tangu mama yangu afariki, akaniweka ndani. Ndivyo tulivyofanya. Mchumba wa watu hashiki jembe, hachoti maji, anakaa analishwa, ili akienda ukweni wasiseme ametoka kwenye njaa. Wenzangu walilishwa mwezi mmoja. Mimi Bibi alinilisha miezi minne! Ugali wa mtama, maziwa ya mgando, karanga za kusaga, asali. Nikanawiri, shingo ikafanya mikunjo, watu wakanisifu, nami nikajiona malkia. Hakuna hata mmoja wetu aliyelikumbuka lile gauni.

Jumanne, kesho yake ikiwa Jumatano ya Majivu, nikaitwa kwa Masista kulijaribu. Alikuwepo Sista mmoja mzee pamoja na mama yake Alois, Mama Benedikta, aliyepanda treni kutoka Igalula makusudi. Sista akafunga kifungo cha kwanza cha juu, cha pili, cha tatu, akashuka hadi kiunoni. Akavuta. Nikabana pumzi. Akavuta tena mpaka nikasikia uzi unalia. Ukabaki mwanya wa vidole vinne vizima.

Mama Benedikta hakunitazama usoni. Alinitazama tumboni.

"Ni chakula, mama," nikasema. "Nimewekwa ndani."

"Wote huwekwa ndani," akajibu.

"Atajaribu tena siku yenyewe," Sista akasema huku akilikunja gauni. "Likifunga, kengele zitapigwa. Lisipofunga, Jumatatu."

Kabla jua halijatua Mtendeni nzima ilikuwa imeshajua. Nikienda kisimani wanawake wanaitikia salamu yangu huku macho yakiwa tumboni kwangu. Nikamwambia baba, basi aitwe mkunga anipime, yaishe. Loo! Baba aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Binti yake apekuliwe kama mzigo wa forodhani? Thubutu! Akaninunia siku tatu, na mimi nikalia siku tatu. Alois akaandika: "Waseme wasemavyo, Pelagia. Mimi sihitaji kuonyeshwa kitu chochote." Barua hiyo nililala nayo.

Bibi ndiye aliyeninyanyua. Alijua ni mkono wake ulionifikisha pale, akaumia. Akatoa kamba nyembamba ya katani, akanizungushia kiunoni, na pale ncha ilipokutana na kamba akafunga fundo.

"Babu yako alikuwa mpagazi, njia moja na baba yake huyo Mama Benedikta," akasema. "Kabla reli haijaja, amebeba pembe kutoka hapa Unyanyembe mpaka Pwani. Kila kambi fundo moja. Unadhani alikuwa anaiwaza Pwani? Angeiwaza Pwani angetua mzigo akalia. Alikuwa anaiwaza kambi ya leo. Na wewe kila Jumanne tutapima, tutafunga fundo. Usiliwaze gauni. Iwaze Jumanne."

Heri Kwaresima ilikuwepo, maana watu waliniona sili wakadhani nafunga kwa ajili ya Bwana. Asubuhi uji mwepesi usio na kitu, jioni mlenda na kipande cha ugali kinachotosha kiganja cha mtoto. Alfajiri nilitoka na kushika njia ile ya zamani ya misafara mpaka Kwihara, nikarudi na mzigo wa kuni kichwani. Jamani, njaa! Nani alisema njaa inazoeleka? Mwongo. Jirani akikaanga karanga, mimi machozi yananitoka. Nilikuwa naota ugali. Naamka nimetafuna shuka.

Na kilichonisukuma si mapenzi, nisidanganye watu. Ni hasira. Kila nikitaka kutua kuni na kukaa chini, nayaona yale macho ya Mama Benedikta tumboni kwangu, miguu inakwenda yenyewe. Fundo la pili likasogea ndani upana wa ukucha. La tatu likasogea tena. Nikaanza kuamini.

Wiki ya tatu nikaitwa Igalula, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, somo wa baba yake Alois. Mchumba hakatai kwenda ukweni. Na akifika, hakatai chakula cha mama mkwe. Mama Benedikta aliniandalia kuku wa kienyeji, wali wa samli, viazi, maziwa, akaketi mbele yangu mikono mapajani, akinitazama kinywa.

Nikaelewa mara moja. Nikikataa, atasema kichefuchefu cha mimba. Nikitapika, ndiyo basi tena. Nikila, gauni halitafunga.

"Kula, mwanangu," akasema. "Au chakula changu kinakusumbua?"

"Hakinisumbui, mama. Kitamu."

Nikala. Akaongeza. Nikala tena. Siku tatu, asubuhi, mchana, jioni, yeye anapakua, mimi nameza, yeye ananitazama. Usiniulize kama nilikifurahia. Nilikifurahia, Mungu anisamehe, mwili ulikuwa na njaa na kuku yule alikuwa wa haja. Ila kila tonge liliposhuka moyo ulishuka nalo. Alois alikaa kando anatabasamu, akidhani mama yake ananipenda.

Jumanne nikapimwa. Kamba ilikuwa imerudi nyuma, ikalipita la tatu, ikakaribia la pili, na Bibi akafunga la nne pale pale. Nikaitupa chini. Nikamwambia Bibi basi, yamekwisha, niozwe hiyo Jumatatu, niozwe usiku, niozwe chini ya kitanda wakitaka!

"Okota," akasema Bibi.

"Nilifungue basi hilo fundo. Ni aibu."

"Kamba ya safari haifunguliwi mpaka mtu arudi nyumbani. Babu yako walipofika mtoni wakakuta umejaa wakarudi kambi ya nyuma, alifunga fundo mara mbili, akaendelea. Na lako tunalifunga mara mbili. Okota."

Nikaokota. Kesho yake nikaenda Kwihara mara mbili. La tano likasogea. La sita, la saba. Usiku wa Pasaka watu walikula nyama, mimi nikanywa maji na kulamba chumvi. Jumanne iliyofuata tukafunga la nane, na kati yake na la kwanza vilipita vidole vitano.

Jumamosi ikafika. Bibi miguu ilikuwa imemvimba, akabaki nyumbani kusimamia mapishi ya karamu. Mimi nikaenda kwa Masista, kamba nimeizungusha kwenye kiganja pamoja na rozari. Mama Benedikta alikuwepo tayari. Sista akaanza kufunga. Juu, kati, kiunoni. Nilifumba macho. Sikusikia uzi ukilia. Nikasikia tu vidole vyake vikishuka, kifungo baada ya kifungo, mpaka cha ishirini na mbili.

"Limefunga," akasema Sista, sauti yake imejaa furaha. "Hata linapwaya!"

Nikageuka kumtazama Mama Benedikta. Nilitaka aone. Nilikuwa nimeingoja dakika ile wiki saba na zaidi! Akanizunguka taratibu, akanitazama mbele, akanitazama nyuma.

"Tumbo lilikuwepo," akasema. "Sisi wote tuliliona. Sasa limekwenda wapi?"

Sikumwelewa upesi. Mama yule alikuwa anasema nimetoa mimba.

Hakungoja jibu. Akatoka mpaka barazani, walikosimama Padre, baba yangu, Alois na suti yake ya kijivu, na akina mama wa parokia wenye vigelegele tayari mdomoni. Akayasema pale pale, mbele ya wote. Kwamba hawezi kumpokea nyumbani kwake mtu aliyeua. Baba akafoka, Padre akainua mkono, akanigeukia.

"Pelagia, una la kusema?"

Nikamtazama Alois. Nilimngoja aseme yeye. Neno moja tu lingetosha. Alois alikuwa anatazama viatu vyake.

Basi nikavuta kamba kutoka kiganjani, nikamwekea Mama Benedikta mkononi. "Wewe ni binti wa mpagazi, mama. Baba yako alibeba pembe njia moja na babu yangu. Isome."

Hakutaka. Lakini vidole vinajua vilivyofundishwa utotoni. Nikaviona vinaanza kutembea, fundo la kwanza, la pili. Vikasimama kwenye lile lililofungwa mara mbili.

"Hapa mlirudi nyuma," akasema polepole. "Lini?"

"Jumanne baada ya Mtakatifu Yosefu."

Kuku, wali, samli, vyote nikaviona vinapita usoni pake. Mimba ikitoka haitoki kwa ukucha mmoja mmoja wiki saba, wala hairudi nusu ya njia kwa sababu ya sahani ya wali. Yeye amezaa sita, hakuhitaji kuambiwa.

"Hili ni la kwangu," akasema. Kisha mwanamke yule, na ukali wake wote, akanishika mikono miwili mbele ya watu, machozi yanamtoka. "Nimekukosea, mwanangu. Nimekukosea sana. Nisamehe."

Nikamsamehe. Kweli, pale pale, moyo ukawa mweupe. Vigelegele vikapasuka, Padre akamwashiria mpiga kengele, baba akapangusa jasho. Ng'aa! ya kwanza ikalia juu yetu.

Ndipo Alois akanyoosha mkono. "Hebu nione," akasema, akaichukua ile kamba kwa mama yake.

Nilidhani anataka kuibusu, mjinga mimi. Akaishika mbele ya macho kama tiketi yenye shaka. Akapitisha kidole. Nikaona midomo yake inakwenda: moja, mbili, tatu. Akahesabu mpaka nane. Akarudi, akahesabu tena kuanzia mwanzo. Kisha akapumua, mabega yakashuka.

"Haya," akasema. "Sasa nimeridhika. Padre, tuingie."

Akanipa mkono, anatabasamu lile tabasamu lake. Na nilikuwa nampenda bado, hilo ndilo lililoniuma.

"Na isingekuwepo kamba?" nikamuuliza.

"Pelagia, watu wanangoja."

"Uliniandikia huhitaji kuonyeshwa kitu. Isingekuwepo kamba, Alois?"

Akafungua mdomo. Akaufunga. Kengele inalia, watu wote wanatutazama.

Nikachukua kamba yangu mkononi mwake. Nikamgeukia Mama Benedikta nikampa mgongo. "Mama, nifungue vifungo."

Nilidhani atagoma. Alinitazama, akamtazama mwanawe, akaniongoza ndani, akaanza kufungua, kimoja kimoja, vyote ishirini na viwili. Alipomaliza alilikunja gauni mwenyewe akalirudisha kwenye sanduku la bati.

Nikavaa kanga zangu nikatoka. Baba alifoka mpaka sauti ikamkauka, na wale ng'ombe walirudi Igalula, sikatai. Hiyo ni habari nyingine. Mimi nilitembea mpaka Mtendeni kengele zikiwa bado zinalia, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia mpiga kengele anyamaze.

Bibi alikuwa uani, kati ya masufuria ya karamu. Aliniona naingia peke yangu, sina gauni, sina mume. Alivuta kigoda, akanipakulia ugali, akanimwagia mchuzi wa kuku mpaka sahani ikafurika. Nikala nikilia. Nikamaliza, akaongeza.

Akanyoosha mkono, nikampa kamba. Akalishika fundo la nane, akaliuma kwa meno yake machache yaliyobaki, likalegea, akalifungua.

"Umerudi," akasema. "Haya, kula."